Sura ya Nne: Video Iliyogoma Mbele ya Noko

Papa Lambert aliiweka simu juu ya kitambaa cheupe katikati ya meza, kama mtu anayemwekea mgeni sahani. Akaisogeza kidogo mpaka ikawa sawa na ukingo wa meza. Kisha akamtazama Inspekta Priscille Assumani.

"Angalia mwenyewe, Mama Inspekta. Mi sitasema kitu."

Akabonyeza. Kwenye kioo ukatokea mraba mweusi, na katikati yake alama ya kuchezesha video, imekatwa kwa mstari. Hakuna picha, hakuna sauti.

"Umeona? Amefuta!" alisema Papa Lambert, aliyekuwa ameahidi kutosema kitu. "Neno la mwisho la dada yangu. Ismaël amelifuta."

Mlangoni alisimama Gracia, binti wa marehemu, na beseni la sombe mikononi. Alikuwa ameacha kuchambua majani hayo ya muhogo tangu inspekta alipoingia uani.

"Noko, Ismaël hawezi kufanya vile," alisema.

"Wewe nyamaza. Mutu anayependa haoni."

Kesi ilikuwa imeandikwa asubuhi ile katika ofisi ya polisi ya Kabondo: mzee wa familia anamshtaki Ismaël, mchumba wa mpwa wake, kwa kuharibu mali ya marehemu. Wakubwa wa Priscille walicheka, wakampa yeye. Lakini hapa uani hakuna aliyecheka. Marehemu, Mama Félicité, dada yake Papa Lambert, alikuwa amefariki Basoko. Kabla ya kufa aliweka simu yake mbele yake, akajirekodi akisema kama anamtoa binti yake aolewe au hamtoi. Arusi ilipangwa kuwa Jumamosi. Bila neno lile, Papa Lambert hangeushika mkono wa Gracia kumkabidhi kwa mtu yeyote. Na kama neno lilifutwa kwa makusudi, aliyelifuta angelala mahabusu.

"Papa," Priscille aliuliza kwa sauti yake ndogo, ile iliyowafanya watu wasogee karibu ili wamsikie. "Nani mwingine amejaribu kuifungua?"

Papa Lambert alishangaa. "Mwingine nani?"

"Gracia. Au wadogo zako. Kwa simu nyingine."

"Mama Inspekta, wewe ni mutoto wa wapi? Mi njo noko. Mi njo kaka mukubwa wa mama yake. Kwetu sisi, neno la marehemu linaanza kwenye sikio langu. Nikisha sikia, ninaita wengine. Mutu akitangulia, amelikanyaga."

"Kwa hiyo hakuna aliyejaribu."

"Hakuna. Na mot de passe ya kuifungua niko nayo peke yangu. Félicité alitaka vile."

Priscille aligeuka kwa Gracia. Gracia alitikisa kichwa. "Sijui hata herufi moja yake," alisema. "Sikuuliza."

"Na simu yenyewe, Papa, ni nzima?"

Swali hilo lilimgusa mzee moyoni. Akaichukua simu, akaifuta kwa kona ya shati, akaigeuza aonyeshe mgongo wake wa kioo.

"Hii ilitoka Bruxelles. Mutoto wangu Jephté njo alinitumia, alipoona miaka inapita na hawezi kuja. Haiko ya hapa sokoni. Tangu imefika haijaanguka hata siku moja. Ngoja."

Akaingia katika tovuti ileile iliyotunza neno la dada yake, tovuti ya *Mto na Watu*, ambayo Ismaël aliiendesha pamoja na rafiki yake. Akachagua kwaya ya Pasaka. Mara ua ukajaa nyimbo. Mwimbaji mmoja wa soprano alipanda juu mpaka kuku wakahama. Papa Lambert aliacha wimbo uendelee kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Simu iko muzima. Réseau iko. Site iko. Kitu kimoja tu hakiko. Alors?"

Priscille alihesabu kwa vidole. Mtandao ulikuwapo, tovuti ilifunguka, video nyingine zilicheza. Kama ni hivyo, kosa lilikuwa ndani ya video yenyewe.

"Kwa nini Ismaël afute?"

"Ju ya dada yangu alimukataa. Nilikuwa Basoko mi mwenyewe, kabla ugonjwa haujazidi. Félicité aliniambia, 'Ule mutoto wa Maniema simutaki.' Nilisikia kwa masikio haya mawili."

Gracia alishusha macho kwenye sombe.

* * *

Ofisi ya *Mto na Watu* ilikuwa chumba cha nyuma cha duka la vitambaa karibu na Soko Kuu. Ili kufika ilibidi kupita kati ya marobota ya vitenge vya liputa, na ndipo unawakuta vijana wawili na kompyuta mbili zilizogeuziana mgongo kama watu waliogombana.

Ismaël alisimama haraka mno, akaangusha kiti. Alikuwa mrefu, mwembamba, na shati lake lilikuwa limefungwa kifungo kisicho chake. Dominique, mwenzake, alibaki ameketi, spika za masikioni zikiwa shingoni.

"Keti, Ismaël," alisema Priscille. "Video ya Mama Félicité ilifikaje kwako?"

"Ilikuja kwa baleinière, boti ya mbao, kutoka Basoko, ndani ya kadi ya kumbukumbu ya simu yake. Aliifunga katika plastiki, akampa jirani anayesafiri. Aliniambia kwa simu niiweke kwenye site, pa siri, ipate kukaa. Nikanakili. Kadi nikairudisha kwa njia ileile, simu isikae bila kadi."

"Kadi iko wapi sasa?"

"Majini. Siku walipomvusha kwenda hospitali, simu ilianguka kutoka kwenye pirogi. Na kadi ndani."

"Na ile nakala uliyoichukua kwenye kadi?"

Ismaël alitazama mikono yake.

"Nilifuta."

Kiti cha Dominique kililia. Priscille hakusogea.

"Rudia."

"Nilifuta ile ya kwanza. Nilikuwa nimeshaigeuza kuwa format nyingine, namna nyingine ya kubana picha, na nafasi kwenye seva yetu ni ndogo. Ile niliyoigeuza iko. Iko hapa." Akageuza kompyuta, akaonyesha jina la video katika orodha. "Inspekta, sikufuta neno. Nilifuta nguo, mwili nikauvalisha nguo nyingine."

"Basi fungua nione."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki. Noko hajasikia." Hakuondoa mkono wake juu ya kipanya. "Kweli, wakati wa kuigeuza mashine ilipita juu yake. Mi sikuangalia. Nikiangalia leo, nitamwambia nini Papa Lambert? Na Gracia?"

Priscille alifikiri. Mtu mwenye hatia angesema vilevile. Mraba mweusi ni rahisi kuulinda kwa heshima ya mila. Kumlazimisha afungue kungemaliza shauri, na kungeharibu kitu ambacho shauri lilikuwa limeletwa ili kukiokoa. Akatafuta njia ya pembeni.

"Inachukua nafasi kiasi gani? Usiifungue. Niambie uzito wake tu."

Ismaël alimwambia. Priscille akamgeukia Dominique. "Nionyeshe video nyingine ya urefu ule ule, ya mtu aliyekaa anaongea."

Dominique alitafuta. Mahubiri ya padri mmoja wa ng'ambo ya mto yalikuwa na uzito unaokaribiana nayo.

"Na video ya giza tupu, isiyo na sauti?"

"Haina uzito, Mama," Dominique alisema, na kwa mara ya kwanza alitabasamu. "Giza ni rahisi. Mashine inaandika 'giza' mara moja, inalala."

"Kwa hiyo ndani kuna mtu anaongea."

"Kuna mtu," alisema Dominique.

Lakini mtu gani, na anasema nini, uzito haukusema. Ingewezekana Ismaël ameweka video nyingine mahali pa ile. Na bado mraba mweusi haukuwa umeelezwa. Priscille alilihamishia swali lake kwa yule mwingine.

"Dominique, wewe una ufunguo wa seva?"

"Niko nao."

"Na nimesikia, nilipopita dukani, kwamba mlipigana. Mwenye duka anasema mligombana mpaka wateja wakakimbia."

"Wateja walikaa kusikiliza, asikudanganye. Aliuza vizuri siku ile."

"Mligombania nini?"

Vijana wote wawili walianza kusema kwa pamoja. Dominique akashinda, kwa kuwa na sauti nene.

"Format! Tangu mwanzo tuliweka video zote katika MP4. Kila simu inaifungua, simu ya waziri na simu ya muuza samaki wa makayabo. Siku moja huyu akaja na roho ya nabii. Anasema MP4 iko na wenyewe, tuiache. Tuweke zote katika WebM, ju ya ile haina mwenyewe."

"Iko na wenyewe kweli," alisema Ismaël. "Inspekta, kuna makampuni yenye haki juu ya namna ile ya kubana picha. Leo wanatuacha tupite. Ni kama kuvuka mto Tshopo katika pirogi ya mutu. Leo anasema panda, ndugu, hakuna shida. Kesho anaamka vibaya. Sisi tunatunza matanga ya watu hapa, tunatunza nyimbo, tunatunza wazee wanaosema majina ya babu zao. Vitu vile vikae nyuma ya mlango wenye kufuli ya mutu tusiyemjua? Ile ya wazi, mutu yeyote anaruhusiwa kuisoma, kuitengeneza, kuirithi. Hakuna wa kumuomba."

"Muzuri! Amina!" Dominique alipiga makofi. "Lakini ndugu yangu, njia ya wote inasaidia nini kama mutu hana miguu ya kupita pale? Mi nilimwambia, batu bengi hapa banatumia simu za zamani. Simu inajua kile ilichofundishwa siku ilipotengenezwa. Weka mbili, nikamwambia. Ya wazi kwa kesho, ya wenyewe kwa leo. Akasema nafasi hakuna, na tukianza kuweka mbili hatutaacha kamwe. Akaniita muoga."

"Nilikuomba msamaha."

"Uliniomba kwa message. Hata mudomo haukufunguka."

Priscille aliwaacha wapumue. Kisha akamkazia macho Dominique. "Uliudhika. Una ufunguo. Ungeweza kuiharibu video ile ili mwenzako aonekane mjinga."

Dominique aliacha kucheka. "Mama Inspekta, mi nimupige Ismaël ngumi ju ya format, ndiyo, hata leo niko tayari. Lakini neno la mama ya mutu?" Akatikisa kichwa. "Mi mwenyewe mama yangu alikufa bila kuacha hata sauti. Ningeigusa na mikono gani?"

Ismaël alimtazama rafiki yake, kisha akatazama pembeni. Priscille alikiona kitendo kile, akamwondoa Dominique kati ya washukiwa wake.

"Ulibadilisha lini, Ismaël?"

"Baada ya Pasaka. Za zamani sikuzigusa. Mpya zote ni za wazi."

Inspekta aliinua kichwa. Kwaya ya Pasaka iliimba kwenye simu ya Papa Lambert mpaka kuku wakahama. Mzee aliitoa kama ushahidi kwamba simu ni nzima, na Priscille aliupokea ushahidi ule bila kuuliza video ile ilivishwa nguo gani.

"Kuna kwaya nyingine mliyoiweka baada ya kubadilisha?"

"Ya Pentekoste," alisema Dominique.

"Ukurasa wake uko wazi kwa wote?"

"Wote."

Priscille alitoa simu yake, ya bei rahisi, yenye ufa kwenye kona. Pentekoste ikaimba ndani ya duka la vitambaa. Kwenye simu ya Dominique ikaimba pia. Ismaël aliwatazama wote wawili.

"Simu ya Papa Lambert," alisema. "Ni ya namna gani?"

"Ya Bruxelles. Ya kioo mgongoni. Sidhani kama ilikuwa mpya ilipoanza safari."

"Eh, Mungu wangu," alisema Ismaël, akaketi.

* * *

Walipanda toleka tatu kwenda Kabondo, inspekta mbele na vijana nyuma yake, Dominique amebeba kompyuta yake begani, waendesha baiskeli wakipigiana kengele kukwepa madimbwi. Ismaël alibaki nje ya ua. Mshtakiwa hakuwa na ruhusa ya kukanyaga kwa mshtaki, na Papa Lambert alihakikisha kwa macho kwamba viatu vyake viko upande wa barabara.

"Papa," alisema Priscille, "nakuomba kitu kimoja. Chezesha kwaya ya Pentekoste."

"Ile sijapata kuiona."

"Ndiyo maana naomba."

Mzee alibonyeza. Mraba mweusi. Alama iliyokatwa kwa mstari. Akabonyeza tena, kwa kidole kingine, kana kwamba kosa lilikuwa la kidole.

Priscille aliweka simu yake yenye ufa juu ya kitambaa kilekile, kando ya ile nyingine. Waimbaji walewale wa Pasaka walitokea, safari hii na mashati mekundu, wakaimba. Wadogo za Papa Lambert walisogea. Gracia aliziba mdomo kwa kiganja.

"Basi Pentekoste nayo Ismaël ameifuta?" aliuliza Priscille taratibu. "Kwaya nzima?"

Papa Lambert aliinama juu ya meza. Alitazama simu moja, akatazama ya pili. Shingo yake ilishuka.

"Simu ya Jephté imekufa," alisema.

"Haijakufa."

"Mutoto wangu amenitumia kitu kibovu, na mi nimeiweka juu ya kitambaa. Nimeita batu wote waje kuiona."

"Papa, sikiliza. Wakati ule ilipotengenezwa, walioitengeneza hawakuifundisha kusoma video za namna hii mpya. Zile za zamani inazisoma vizuri sana, ulinichezeshea Pasaka mwenyewe. Na Ismaël naye hakukosea kwa ubaya. Alichagua namna isiyo na mwenyewe ili neno likae mpaka kwa wajukuu. Kila mtu alifanya kitu kizuri. Ila mlikuwa mmekubaliana kwamba simu moja tu ndiyo itajaribu, na simu ile haikujua."

Kisha Gracia akachomoa simu kwenye mkunjo wa liputa yake, akapiga goti kidogo, akainyoosha kwa mikono miwili.

"Noko, chukua yangu. Uingie nayo ndani."

Ilikuwa njia fupi. Papa Lambert aliitazama simu ya mpwa wake kwa upole, lakini mkono wake haukutoka kwenye ile ya kioo.

"Mutoto wangu, nimewaambia wote, neno la Félicité litafika ndani ya simu ya Jephté. Yeye hawezi kuja kwenye arusi. Nilitaka awepo hata kwa simu."

Ismaël aliita kutoka barabarani, juu ya ukuta wa matete.

"Papa! Nitaigeuza! Nitatengeneza ya pili, katika ile namna simu yako inaijua. Kompyuta ya Dominique iko hapa. Sitaangalia, mashine inapita peke yake. Mama Inspekta akae karibu, aone."

Dominique aligeuka. "Ile ya wenyewe? Wewe? Na nafasi kwenye seva?"

"Nitafuta vitu vyangu."

"Na pirogi ya mutu?"

"Bado sijabadilisha mawazo," alisema Ismaël. "Ya wazi inabaki palepale. Lakini mzee anataka kuvuka leo."

Dominique alimpa kompyuta juu ya ukuta. Kabla ya kuiachia akaishikilia kidogo. "Mimi njo nilikuwa na haki," alisema.

"Nusu," alisema Ismaël. "Nisamehe. Safari hii kwa mudomo."

Inspekta alisimama barabarani karibu na Ismaël mpaka kazi ikaisha. Kioo cha kompyuta kilionyesha mstari wa kijani uliokuwa ukirefuka, hakuna picha. Mstari ulipofika mwisho alirudi uani, akamwambia Papa Lambert abonyeze.

Mzee aliingia chumbani na kufunga mlango. Nje wote walisikia kwamba kuna sauti ya mwanamke, bila kusikia maneno. Gracia aliijua lafudhi ya mama yake kupitia ubao wa mlango, akamshika inspekta mkono bila kuuliza. Sauti ikakoma. Papa Lambert hakutoka. Ikaanza tena tangu mwanzo, ikakoma tena.

Alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu. Aliweka simu juu ya kitambaa cheupe.

"Nimesikia," alisema. "Sasa wote."

Mama Félicité alitokea, amekaa mbele ya jiko lake la Basoko, kitenge kichwani, anaitazama kamera kama mtu anayetazama ndani ya kisima.

"Lambert, kaka yangu," alisema. "Nilikuambia ule mutoto wa Maniema simutaki. Ni kweli nilisema. Sasa ninabadilisha, na wewe badilisha. Alikuja huku kwa boti, hakunitumia mutu. Nilikuwa siwezi kusimama. Akasema, Mama, nitakusongea fufu. Lambert, ile fufu! Mabonge kama mawe ya mtoni. Upande moja mbichi, upande moja imeungua. Nilikula yote, ju ya alikaa chini ananiangalia kila tonge. Mutu anayekuangalia namna ile unakula, atamuangalia mutoto wangu. Gracia, nenda. Ninakutoa. Lakini mumufundishe kupika."

Uani watu walilia na kucheka kwa pamoja. Priscille hakuitazama simu. Alikuwa amegeukia ukuta wa matete, kwa sababu shaka lake la mwisho lilikuwa limesimama kule: kwamba kijana huyu aliwahi kuisikia video, au aliiweka nyingine mahali pake.

Ismaël alikuwa amesimama juu ya jiwe ili aone. Mdomo wake ulikuwa wazi.

"Mama aliniambia iko muzuri!" alisema. "Ile fufu! Aliniambia hajapata kula fufu muzuri vile!"

Papa Lambert aliondoka mezani, akaenda mpaka kwenye mlango wa ua, akauondoa ubao uliokuwa umeuziba.

"Alikudanganya, mukwe wangu," alisema. "Ingia."